Maisha ya Robert Hooke na Krosi za Gari la Mjomba

Wasomaji wa gazeti letu, jina la Robert Hooke si geni kwenu. Kila aliyepita kidato cha kwanza amepata kutundika mawe ya mizani kwenye springi, akapima urefu wake kwa rula, akachora mstari ulionyoka, na juu ya mstari ule akaandika sheria ya Hooke. Kisha tukaingia darasa la Bayolojia, tukaambiwa kwamba mtu wa kwanza kuviita vijumba vya mimea kwa jina la seli ni huyo huyo Hooke. Mtihani ukapita, na jina tukaliacha daftarini. Mimi nami naliliacha huko, wala nisingelirudia kama si gari la mjomba wangu.

Mjomba anakaa katika milima ya Usambara. Kazi yake ni kuteremsha kabichi, viazi na karoti kutoka mashambani hadi barabara ya lami, na kupandisha watu, sukari na mabati. Gari lake ni la kale, lenye difu mbili na springi za vyuma vilivyolaliana. Mwaka jana alimpa fundi mmoja alinyanyue, ili tairi kubwa zienee na difu zisigonge mawe. Fundi alilinyanyua kweli, gari likasimama kama ngamia, na sote tukalisifu. Lakini tangu siku ile likaanza kukata krosi za propela. Kwa muda wa miezi mitano zilikatika krosi nne. Ile ya nne ilikatika usiku wa mvua mwezi wa Desemba, nami nilikuwamo garini, na ndani tulikuwa tumempakia mama mmoja jirani anayepelekwa hospitali kujifungua. Propela ilipoachia ilipiga sakafu ya gari karibu na mahali alipolazwa, ikalikunja bati hata ngumi ikaenea katika bonde lake. Wanaume wanane walimbeba yule mama kwa machela mpaka lilipopatikana gari jingine. Namshukuru Mungu, mama ni mzima na mtoto ni mzima. Lakini tangu usiku ule Mjomba hakuwa na raha.

Pengine wako wasomaji wasiojua krosi ni nini. Giaboksi ya gari imefungwa imara kwenye chesi, haiendi popote. Difu nayo imefungwa pamoja na magurudumu, hivyo hupanda na kushuka kila gari likipita shimo. Chuma kirefu kinachopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu huitwa propela, na kwa kuwa difu haitulii, propela haiwezi kuunganishwa kwa bolti tu. Ingevunjika siku ya kwanza. Kwa hiyo kila mwisho wake pana panda mbili za chuma, mfano wa panda za manati, zinazokabiliana, na katikati yao umo msalaba mdogo wenye ncha nne. Kila ncha imevikwa kikombe kidogo chenye vijiti vyembamba kama sindano, ili igeuke bila kukwaruza. Msalaba huo ndio krosi. Kwa njia hiyo mzunguko hupita hata kama propela imekaa mshazari.

Mjomba aliazimia kununua krosi kubwa zaidi. Zake zilikuwa za vikombe vya milimita 27, na mwenye duka alimwonyesha za milimita 30, ambazo haziingii mpaka ubadili na panda zake. Bei yake ilikuwa karibu akiba yote aliyokuwa nayo. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi ninayesoma Fizikia katika ukoo wetu, kama fedha ile itakwenda bure au la. Naliona haya, maana sikuwa na jibu. Nalimwomba anisubiri mpaka likizo fupi ya mwezi wa Machi, na kwa muda huo aende polepole na asipakie mtu nyuma.

Niliporudi shuleni nalimweleza mwalimu wetu wa Fizikia. Hakunipa jibu (walimu wa Fizikia wana tabia hiyo), bali alinipa vitabu, akaniruhusu kutumia kompyuta ya ofisini siku za Jumamosi. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kile tunachokiita krosi Waingereza hukiita kiungo cha Hooke. Nalidhani ni Hooke mwingine. Kumbe ni yule yule! Basi nikaacha kwanza habari za gari, nikaanza kusoma habari za mtu mwenyewe.

Robert Hooke alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1635 katika kijiji cha Freshwater, kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi msaidizi wa kanisa la kijiji, mtu wa kipato kidogo. Mtoto alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na wazazi hawakutazamia kwamba ataishi. Baba alianza kumfundisha apate kuwa kasisi, lakini kichwa kilimwuma mno akisoma, hata baba akamwacha acheze apendavyo. Katika kucheza huko ndipo alipojifunza. Siku moja aliona saa ya shaba ikifunguliwa, akaenda akatengeneza yake kwa mbao, nayo ikatembea. Akatengeneza pia merikebu ndogo yenye kamba zake zote, na vimizinga vyake vikaweza kulia.

Mwaka 1648 baba yake alifariki, Robert akiwa na umri wa miaka 13. Urithi wake ulikuwa pauni 40. Akapelekwa London kwa mchoraji mashuhuri Peter Lely ajifunze kazi ya rangi, lakini hakukaa. Harufu ya rangi ilimzidishia maumivu ya kichwa, na tena yasemekana aliona kwamba mambo yale anaweza kujifundisha mwenyewe bila kutoa fedha yake. Akaingia shule ya Westminster, akapokewa kukaa nyumbani kwa mkuu wa shule, Dr. Richard Busby. Huyu Busby alijulikana kwa ukali wa fimbo, lakini kwa Hooke alikuwa mlezi, na urafiki wao haukukatika. Huko alijifunza Kilatini na Kigiriki, akajifunza kupiga kinanda cha kanisani, na vitabu sita vya mwanzo vya jiometri ya Euclid yasemekana alivimaliza kwa juma moja. Sisi tulio bwenini na tuliokwisha kuhangaika na jiometri twaweza kuliamini hilo au kulikataa, kila mtu na moyo wake. Katika umri wa miaka kama 16 mgongo wake ulianza kupinda, na akabaki na kibiongo mpaka kufa.

Mwaka 1653 alikwenda Oxford, chuo cha Christ Church. Hakuwa na fedha, basi alilipa masomo yake kwa kuimba katika kwaya na kuwatumikia wengine. Huko alikutana na tajiri mmoja mwenye elimu, Robert Boyle, yule yule wa sheria ya Boyle. Boyle alitaka pampu ya kutoa hewa katika chupa kubwa ya kioo, na mafundi aliowapa kazi hiyo hawakumridhisha. Hooke akaitengeneza, yapata mwaka 1659. Majaribio yaliyozaa sheria ya Boyle yalifanyika kwa msaada wa mikono ya Hooke, na sheria ilipotangazwa mwaka 1662 ilichukua jina la bwana wake. Simlaumu Boyle, maana hakuficha msaada wa Hooke, na alibaki rafiki yake. Lakini nalitia alama mahali hapo katika daftari langu, kwa sababu mambo ya namna ile yalitokea tena na tena.

Wakati huo wataalamu wa London walikuwa wameanzisha chama chao, Royal Society. Mwezi wa Novemba 1662 wakamfanya Hooke mtunza majaribio wa chama. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila juma wakikutana, awe na majaribio matatu au manne makubwa ya kuwaonyesha, na juu ya hayo afanye na yale watakayoyataka wao wenyewe. Mabwana wale wengi walikuwa na mali na wakati wa kupoteza. Hooke peke yake ndiye aliyekula kwa jasho la sayansi. Mwaka 1665 akawa profesa wa jiometri katika Gresham College, akapewa vyumba humo, na humo akakaa maisha yake yote. Mwaka ule ule alitoa kitabu chake Micrographia, chenye picha za vitu vilivyotazamwa kwa hadubini. Kiroboto alichorwa mkubwa hata ukurasa ukabidi kukunjwa. Ndani yake limo jina la seli, alilolitoa alipotazama kipande cha kizibo.

Mwaka uliofuata, 1666, London iliungua kwa siku nne mfululizo, nyumba kama 13,000 zikateketea. Hooke akawekwa kuwa mmoja wa wapimaji wa jiji. Asubuhi yuko katika majivu na kamba ya kupimia, anaamua ugomvi wa mipaka ya viwanja kati ya watu waliopoteza kila kitu, na jioni yuko katika chama na majaribio yake. Kwa upimaji huo alilipwa vizuri, na wenye viwanja waliamini vipimo vyake. Pamoja na rafiki yake Christopher Wren alibuni ule mnara wa ukumbusho wa moto, wenye urefu wa futi 202, ambao umesimama London hata leo.

Sasa nafika kwenye habari iliyonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1676 Hooke alitoa kitabu kidogo kuhusu vyombo vya kutazamia jua bila kuumiza macho. Katika kitabu hicho ndimo alimokitaja kiungo chake, akakiita kiungo cha ulimwengu wote, maana yake kiungo kinachofaa pembe yoyote. Na mwishoni mwa kitabu hicho hicho aliandika herufi 14 zilizopangwa kwa utaratibu wa alfabeti, zisizosomeka. Desturi ya wakati ule ilikuwa hivyo: mtu akigundua jambo na hataki kuibiwa, hulificha katika fumbo la herufi. Mwaka 1678 akalifumbua. Ndiyo sheria ya springi tunayoijua, kwamba springi hunyoshwa kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Naliposoma hapo nalisimama kidogo. Springi za gari la Mjomba na krosi za propela yake zote mbili zilikuwamo katika kijitabu kimoja cha mtu mmoja, miaka mia mbili na zaidi kabla ya magari!

Si kweli kwamba Hooke ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kufikiri kiungo hiki. Mtaliani Girolamo Cardano, aliyeishi kabla yake, aliandika habari za pete zinazozungukiana ndani kwa ndani, na nchi nyingi za Ulaya hukipa kiungo hiki jina la Cardano. Naye padri mmoja Mjerumani, Gaspar Schott, alikieleza kiungo chenyewe katika kitabu cha mwaka 1664. Lakini Schott alisema kwamba kinazunguka sawasawa, yaani upande mmoja ukizunguka kwa mwendo usiobadilika, upande wa pili nao utafanya vivyo hivyo. Hooke hakukubali mpaka apime. Alipopima aliona si kweli. Kiungo kikikaa kwa pembe, upande wa pili huharakisha na kukawia, huharakisha na kukawia, mara mbili katika kila mzunguko mmoja, ingawa mwisho wa mzunguko pande zote mbili hufika pamoja.

Nalifanya hesabu hii kwa jedwali la kosaini. Tuseme giaboksi inazunguka mara 1,000 kwa dakika, na krosi imekaa kwa pembe ya nyuzi 18. Propela itakuwa ikienda mara kwa mwendo wa 951, mara kwa mwendo wa 1,051, kisha inarudi tena, na yote hayo ni ndani ya nusu mzunguko tu. Hebu fikiri chuma kizito kinachosukumwa na kuvutwa namna hiyo maelfu ya mara kwa dakika. Pembe ikiwa nyuzi 5 tu, tofauti hiyo huwa ndogo sana. Lakini kila unavyonyanyua gari, ndivyo unavyoongeza pembe.

Hooke alifanya mambo mawili kwa kosa hilo la kiungo. La kwanza ni la ajabu. Aliona kwamba kukawia na kuharakisha kule kunalingana hasa na mwendo wa kivuli katika saa ya jua, ambacho nacho hakiendi sawasawa saa hata saa. Basi akakitumia kiungo kuchorea saa za jua. Jambo la pili alilileta mwaka 1683: uweke viungo viwili, kimoja kila mwisho wa mti wa katikati, ili kosa la kiungo cha kwanza lifutwe na kosa la kiungo cha pili. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hati ya kiungo cha namna hiyo kwa ajili ya magari, na tangu hapo minyororo iliyokuwa ikizungusha magurudumu ikaanza kuachwa.

Lakini kosa halifutwi bila masharti. Pembe ya krosi ya juu na pembe ya krosi ya chini ni lazima zilingane, na panda mbili za propela yenyewe ni lazima zitazame upande mmoja. Naliposoma masharti hayo naliona usiku ule wa mvua kwa macho mapya.

Katika likizo ya Machi nalichukua kipimapembe cha seti yangu ya hesabu, uzi, na nati moja ya kuufanya uzi uning'inie. Nikalala chali katika matope chini ya gari, Mjomba akinishikia tochi. Krosi ya juu nalipata nyuzi 18. Krosi ya chini nalipata nyuzi 12. Fundi yule alipomaliza kunyanyua gari aliona propela imelala mshazari sana, akapiga kabari kati ya springi na ekseli ili pua ya difu itazame juu, akidhani anaisaidia krosi ya chini. Aliisaidia kweli, lakini alivunja mapatano yake na ile ya juu. Tena tulipotazama panda za propela tukaona hazitazamani sawa. Propela ina mahali inapoteleza, chuma chenye meno ndani ya chuma chenye meno, na mmoja wa waliobadili krosi alikuwa ameichomoa akairudisha jino moja kando. Wala simcheki, maana hakuna aliyemwambia kwamba ni lazima atie alama kwanza.

Mjomba hakusadiki upesi. Aliniuliza jinsi gani krosi ya inchi moja na kidogo inaweza kukatwa na nyuzi sita za pembe, naye ameona magari yenye krosi ndogo kuliko zake yakibeba tani. Nalimchorea katika mavumbi. Mwishowe alikubali kwa sababu kuondoa kabari hakugharimu kitu, na krosi kubwa ziligharimu sana. Tuliondoa kabari, tukarudisha panda mahali pake, kisha tukashusha springi kidogo, jambo lililomwuma kuliko yote kwa kuwa alipenda gari lake lilivyosimama. Pembe zikawa nyuzi 14 juu na 14 chini. Bado ni kubwa kwa gari la kukimbia lami, lakini Mjomba hakimbii lami.

Basi tukachagua krosi. Ziko za chuma kizima kisichotobolewa, nazo zina nguvu zaidi kwa kuwa hazina tundu la grisi katikati, lakini grisi iliyotiwa kiwandani ikiisha au maji yakiingia, imekwisha. Ziko zenye tundu la kutilia grisi, ni dhaifu kidogo, lakini grisi mpya husukuma nje matope na maji. Kwa mtu anayevuka vijito kila siku, mimi nalipendelea zenye tundu, kwa sharti kwamba utingo wake atie grisi kila juma bila kukosa. Zile kubwa za milimita 30 nalimwambia azisahau kwanza. Krosi kubwa haiponyi pembe mbaya, huhamisha tu mavunjiko yakaenda kwenye ekseli au giaboksi, ambazo bei yake ni machozi. Tulizungumza pia habari za krosi pacha zilizobanwa pamoja upande wa giaboksi, ambazo zikiwekwa ndipo difu yafaa kuelekezwa juu kama alivyotaka fundi yule, lakini kwa fedha yetu hilo liliishia katika mazungumzo. Na mtu asidhani kwamba pembe ya sifuri ndiyo bora kabisa. Krosi isiyokunjika hata kidogo, vile vijiti vyake havijongei, vikakaa mahali pamoja vikachimba vishimo. Pembe ndogo inahitajika.

Turudi London, maana sikumaliza habari za Hooke, na mwisho wake si mwema.

Mafunzo yale aliyoyatoa, pamoja na hicho kitabu chenye kiungo, aliyatoa kwa ahadi ya tajiri mmoja, Sir John Cutler, ya pauni 50 kila mwaka. Tajiri huyu hakulipa kama alivyoahidi. Ilibidi Hooke aende mahakamani, na haki yake aliipata mwaka 1696, Cutler akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1675 alikuwa amegombana na Mholanzi Christiaan Huygens juu ya saa ya mfukoni yenye springi, kila mmoja akidai ni yake. Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa na Isaac Newton. Walianza kukosana mwaka 1672 juu ya habari za nuru. Kisha katika barua zao za miaka ya 1679 na 1680 Hooke alimwandikia Newton fikira zake kwamba nguvu ya mvutano hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Newton alipokuwa akitayarisha kitabu chake kikuu, kilichotoka mwaka 1687, Hooke alidai atajwe. Newton alikasirika, akaanza kufuta jina la Hooke mahali alipoweza.

Nimefikiri sana nani alikuwa na haki. Naona Newton alikuwa na haki kwa jambo moja kubwa: yeye alithibitisha kwa hesabu, na Hooke hakuweza. Kukisia si kuthibitisha. Lakini kumnyima mtu shukrani ya kukisia vizuri ni uchoyo, na mtu aliyekuwa mkubwa kama Newton hakuuhitaji. Hooke naye alikuwa na makosa yake. Alikuwa mwenye shaka na kila mtu, alianza mambo mengi kuliko aliyoyamaliza, na kila kilipogunduliwa kitu alisema alikuwa amekwisha kukigundua. Ubaya ni kwamba mara nyingi ilikuwa kweli.

Mwaka 1687 mpwa wake Grace, aliyekuwa akikaa naye, alifariki, na tangu hapo Hooke hakuwa mtu wa furaha tena. Miguu ilivimba, macho yakafifia. Alikufa tarehe 3 Machi 1703 katika vyumba vyake vya Gresham College. Aliishi kama maskini, lakini chumbani lilikutwa sanduku lenye maelfu ya pauni. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Newton alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society. Hakuna picha ya Hooke iliyosalia inayojulikana kwa hakika kuwa ni yake. Watu wengi humsingizia Newton kwamba aliipoteza makusudi, lakini ushahidi hakuna. Alizikwa katika kanisa la St Helen's, Bishopsgate, na baadaye mifupa yake ikahamishwa, kwa hiyo hana kaburi la kutembelewa. Mwaka 2006 karatasi zake nyingi za kumbukumbu za chama zilionekana katika kabati la nyumba moja huko Hampshire, na Royal Society wakazinunua kwa karibu pauni milioni moja. Mwenyewe alipoanza kazi katika chama hicho hakuwa hata na uhakika wa mshahara.

Siku ya wazazi mwezi wa Mei Mjomba alikuja hapa shuleni na gari lake. Wenzangu wa bweni waliliona, wakalicheka kwa matope yake. Krosi ni zile zile tulizozitia mwezi wa Machi. Utingo wake alinionyesha bomba la grisi kabla hata hajanisalimu. Mjomba aliniletea karoti, na ile krosi iliyokatika Desemba, amefunga katika kitambaa. Ina ncha tatu. Ya nne ilibaki njiani. Mwalimu wetu wa Fizikia ameiomba kwa ajili ya maabara, nami nimempa, ila nimemwomba aiweke kabati moja na zile springi.